Vikaratasi vya Chumvi

6 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wifi yangu. Huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kuishi maisha yake. Binti yangu amepandishwa cheo pale hospitali na tangu siku hiyo hapokei simu ya mtu. Paka amezaa tena ndani ya kabati la mashuka. Hizo ndizo habari zetu, sasa tuingie kwenye zako.

Kaka, ule mchuzi wa harusi ya binti yenu bado uko kooni mwangu. Watu walisukuma sahani pembeni wakajitia wameshiba. Ukasimama na kipaza sauti, ukasema ni wewe uliyepita jikoni ukatia chumvi, kumbe wifi alishatia. Watu wakacheka, na mimi nikacheka mpaka machozi. Lakini mwezi uliopita ukaniambia tena kwamba uliacha jiko likiwaka mkatoka, mkarudi mkakuta sufuria imekuwa mkaa. Na juzi ulinunua sabuni ileile mara tatu. Hapo sikucheka. Mtu ambaye mizani za soko zima hupita mikononi mwake, leo hajui kama amezima jiko?

Basi bahati imetushukia. Hapa masjala mkuu wetu ameleta mafunzo kila Jumatano, yanaitwa Kula Ukumbuke, baada ya jalada la mtaa mzima kupotea. Mtaalamu anasema ubongo huzeeka kama goti, na kwamba tunachokula huenda kikauharakisha au kikaupunguzia mwendo. Samaki, karanga, maharage, mboga za majani, matunda. Chumvi ipungue, sukari ipungue, vya kukaanga vikae mbali. Nimenakili yote isipokuwa zile "huenda" zake. Mtu mzima akikuambia jambo aliseme.

Sitaki kumsema wifi. Lakini unakumbuka, kama bado unakumbuka, kwamba tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yenu nilisema mkono wake ni mzito kwenye chumvi. Niliambiwa nina wivu. Sasa ubongo wa kaka yangu ndio unalipa. Nakupa mpaka katikati ya mwaka. Nisipoona mabadiliko nitakuja mwenyewe, wifi apumzike, niweke jikoni mpishi ninayemwamini mimi. Na hilo likishindikana, utahamia kwangu.

Ni mimi mdogo wako anayekutakia kumbukumbu njema.


27 Februari

Mdogo wangu, Mheshimiwa wa Masjala,

Barua yako nimeipata, na nimekumbuka kuifungua. Pole na goti. Mpe hongera binti yako, na paka pia. Sisi huku tunakwenda. Karakana iko palepale chini ya nyumba, mizani bado zinaletwa, ingawa siku hizi wenye maduka wananunua zile za betri, zikiharibika wanatupa. Jana mwuza nyama aliniletea yake akitaka nimtengenezee. Nilipoikagua nikaona haina tatizo, inapima sawasawa. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Nikamrudishia.

Najua utajiuliza kwa nini nakuomba mambo haya tuyaandike badala ya kupigiana simu. Simu yangu ina sauti ya kuamsha mtaa. Ukisema "hujambo" kwako, jirani yangu anaitikia kwake. Na wifi yako masikio yake ni mazima kabisa.

Ni kweli, nasahau. Uzee umeingia bila kubisha hodi. Nacheka na wewe ucheke. Waambie na wengine wacheke, ruhusa nimetoa. Lakini habari ya mpishi ifute, na huko kuhama sitaki kukusikia. Wifi yako amewapikia watoto wa shule ya bweni tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zilipokuwa nyeupe, masufuria ya kuoga mtu mzima, na hakuwahi kutumia mizani wala kijiko. Anachota kwa vidole, anaonja, anasema "haya". Mimi fundi mizani nimemtania maisha yote kwamba amenitia aibu. Tangu astaafu, jiko lile dogo la nyumbani ndilo shule yake. Ukimtoa hapo utamweka wapi? Kwenye kiti, atazame ukuta?

Jikoni kwa mke wangu haingii mtu. Nimesema kwa upole, kwa sababu ni barua.

Kaka yako, msahaulifu wa ukoo.


19 Machi

Kaka yangu,

Salamu zako zimefika, na ukali wako pia umefika. Goti limepata nafuu, sasa ni kiuno. Binti alipiga simu hatimaye, akaniuliza bei ya mashuka, akakata. Paka wawili wamechukuliwa na jirani, watatu wamebaki, nikuwekee mmoja?

Mafunzo yanaendelea kwa kishindo. Mkuu amepiga marufuku maandazi ofisini, na karani wa dirishani anayatia kwenye bahasha za serikali na kula chooni. Kila meza ina bakuli la karanga. Majalada yote yana mafuta ya vidole sasa. Jalada la mtaa bado halijaonekana, lakini mkuu anasema tunalitafuta kwa akili iliyolishwa vizuri. Mtaalamu mwenyewe Jumatano iliyopita aliacha mkoba wake kwetu, akarudi kuuchukua, akaacha miwani. Tulimwonea huruma. Sijui alikuwa amekula nini njiani.

Nimekutumia kifurushi: samaki wakavu, karanga, mbegu za maboga. Samaki ni mara mbili kwa wiki. Usimwachie wifi awakaange. Na niandikie kwa ukweli, mnakula nini, na chumvi inatiwa na nani, kiasi gani. Usinifiche, mimi nimekaa masjala miaka yote, najua mtu akiruka ukurasa.

Halafu jambo moja. Harusini ulisema ulipita jikoni ukatia chumvi. Nimejaribu kukuwazia ukiwa jikoni, nimeshindwa. Mama alikuwa akikutuma kuleta mwiko unarudi na nyundo. Ulifuata nini kule?

Mdogo wako, anayekufuatilia.


30 Aprili

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Hatujambo. Paka usituletee. Binti yetu wa harusi amepiga simu, anaishi vizuri na mumewe, aliongea na mama yake muda mrefu. Alipokata, mama yake akaniuliza kwa nini mtoto hapigi simu siku hizi. Wazazi hawaridhiki, unajua ilivyo.

Kifurushi kilifika. Harufu ilifika siku moja kabla yake. Wifi yako aliwapika wale samaki mchana na mboga za majani, safi kabisa. Jioni akaniambia, kwa furaha ileile, kwamba umetuletea samaki, ngoja atupikie. Basi tukala samaki. Ulisema mara mbili kwa wiki, sisi tumemaliza hesabu siku moja.

Sasa habari itakayokufurahisha: chumvi tumeanza kuipima. Asubuhi kabla wateja hawajafika, nachukua ile mizani ndogo ya shaba, ile ya mwuza dawa aliyefariki, napima chumvi ya mchana na chumvi ya jioni, kila moja naifunga kwenye kikaratasi chake. Naviweka dirishani karibu na jiko. Kopo la chumvi nimelihamishia karakana, kwenye rafu ya misumari. Kikaratasi kikiwa kimejaa, chumvi bado. Kikiwa kitupu, chumvi imeshatiwa. Hakuna haja ya kukumbuka wala kuulizana.

Wifi yako mwanzoni alinuna. Akasema, "Tangu lini wewe ukanipimia? Nilishe shule nzima, leo unanifungia chumvi kama dawa ya minyoo?" Nikamwambia ni amri ya daktari, kwa ajili yangu mimi, maana nasahau na presha imepanda. Kisha akasema, "Maskini, umezeeka mume wangu," akanishika kichwa. Tangu siku hiyo anavitumia bila neno, na kila mgeni akija anamweleza jinsi nilivyochoka akili.

Kuhusu nilifuata nini jikoni siku ya harusi: nilifuata maji.

Kaka yako.


14 Mei

Kaka yangu shujaa,

Salamu za furaha, habari za goti na kiuno niziache. Nimeisoma barua yako nikasimama. Chumvi inapimwa, kwa mizani, nyumbani kwa wifi. Sikutegemea kuiona siku hiyo nikiwa hai.

Jumatano niliomba nafasi nikasimama mbele ya masjala yote nikatoa ushuhuda, bila kukutaja. Nilikuita Mzee F., F ya fundi. Nilieleza jinsi Mzee F. alivyokuwa anaunguza sufuria na kurudia kununua sabuni, na jinsi alivyojipa nidhamu ya vikaratasi mwenyewe, bila kusukumwa, isipokuwa na dada yake. Walipiga makofi. Mkuu aliahidi kuvileta vikaratasi ofisini. Kwa furaha akainuka kwenye kiti chake, na hapo likaonekana jalada la mtaa. Alikuwa amelikalia muda wote, kwa ajili ya mgongo. Tumekubaliana kwamba limepatikana kwa sababu ya karanga.

Mtaalamu peke yake hakupiga makofi. Alinifuata nje akaniuliza, "Huyo Mzee F. ndiye anayepika?" Nikamwambia hapana, anapika mkewe. Akauliza, "Sasa vikaratasi ni vya nini?" Nikamwambia ni vya kupunguza chumvi. Akasema, "Sawa," akaondoka, akasahau mwavuli.

Na mimi swali lake limenikera kidogo. Kisha nikajiuliza lingine: kama chumvi inapimwa, mbona presha yako imepanda?

Basi nakuja mwezi wa sita nijionee. Nitamwona wifi, nitaona jiko, nitaona vikaratasi. Yule mpishi nimeshaongea naye, yuko tayari kama itabidi.

Mdogo wako, mwenye fahari.


23 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Usije.

Chumba cha wageni kinapakwa rangi. Kitanda chake pia kimevunjika mguu. Halafu wiki hiyo tutakuwa na mgeni mwingine, atalala kwenye chumba hichohicho. Na maji yanakatika. Na wifi yako ana mafua, na pia atakuwa amesafiri.

Nakuomba, dada. Sijawahi kukuomba kitu kwa neno hilo.

Kaka yako.


2 Julai

Kaka,

Nimefika kwangu salama. Goti lilivimba kwenye basi lakini limetulia. Paka wote wapo, hakuna anayewataka. Nimekaa na kalamu siku kadhaa kabla ya kuandika hii, na unajua mimi huwa sikosi la kusema.

Chumba cha wageni hakijapakwa rangi tangu nilale humo mara ya mwisho, na kitanda kina miguu yote. Sikukuuliza, na wewe hukueleza. Tulikuwa na adabu sana wiki ile.

Nataka nikuandikie habari za siku ya pili, wewe ulipokuwa chini na yule mtu wa mizani ya mahindi. Nilikaa jikoni na wifi. Nilikuwa nimekwenda na maneno yangu yote ya Jumatano, nimeyapanga. Wifi alikuwa anachemsha maharage. Akachukua kikaratasi cha mchana, akakifungua vizuri, akatia chumvi, akakinyoosha akakirudisha dirishani kikiwa kitupu, kama ulivyomfundisha. Tukaongea habari za harusi. Akakatakata vitunguu. Kisha akatazama sufuria, akatazama dirisha, akaona kikaratasi kimoja kimejaa. Akakichukua kile cha jioni, akatia chote.

Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini wifi alikuwa amesimama, anavitazama vile vikaratasi viwili, vyote vitupu. Kaka, sijawahi kuona mtu akitazama karatasi namna ile. Akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, nimetia?"

Nikamwambia, "Umetia, wifi. Na imekolea."

Mezani ulipoonja hukukunja uso. Ulikula kijiko baada ya kijiko huku unanitazama mimi, umekaza shingo kama mlinzi wa geti. Ndipo nikajua ulifuata nini jikoni siku ya harusi, na presha ile imetoka wapi, na nani alinunua sabuni. Nikamaliza sahani yangu. Nikaomba nyingine. Nikamwambia wifi sijapata kula maharage kama yale, na huo haukuwa uongo. Nimekunywa maji mpaka kituo cha basi.

Nimekasirika nawe, nataka ujue. Nimekucheka ukumbini mbele za watu. Nimekusimulia ofisini wakapiga makofi. Umeniacha nikufanye mjinga wa familia miezi yote hii, ukakaa kimya ukala chumvi.

Jumatano nilimrudia mtaalamu, nikamrudishia mwavuli, nikamwuliza kuhusu yale maneno yake ambayo sikuyaandika. Akasema "huenda" ni huenda. Chakula kizuri huenda kikamsaidia mtu, kikampunguzia kasi ya safari. Kilichokwenda hakirudishwi na samaki. Lakini kwanza apelekwe hospitali apimwe, kwa sababu kusahau kuna sababu nyingi na nyingine zinatibika, na kumficha mtu si dawa. Hilo la mwisho nimeliandika kwa herufi kubwa. Binti yangu atawapokea pale hospitali, nimemwambia asipopokea simu safari hii nitamfuata wodini.

Yule mpishi nimemwambia hahitajiki. Mzee F. nimemfuta. Na kile kikaratasi cha jioni usikiache dirishani, kaa nacho mfukoni mwa shati, umpe jioni ikifika. Mizani unazijua wewe, lakini hili hukulifikiria.

Nina swali moja tu, na ukipenda usilijibu. Ni tangu lini?

Mdogo wako.


20 Julai

Mdogo wangu,

Hatujambo. Pole na goti. Paka mmoja tuletee, wifi yako amekubali, ingawa amekubali mara mbili na jina alilompa la kwanza si la pili.

Kikaratasi cha jioni kinakaa mfukoni. Maharage yanalika sasa. Presha imeshuka kidogo, nami nimeanza kuonja chakula badala ya kukimeza.

Hospitali tumekwenda. Binti yako alitupokea getini, amefanana na mama yako mkwe lakini ana roho nzuri. Daktari alimwuliza wifi yako mwezi huu ni mwezi gani. Akamjibu, "Hayo muulize mume wangu, yeye ndiye mgonjwa, mimi nimemsindikiza." Daktari akanitazama. Nikasema ndiyo, mgonjwa ni mimi, lakini mpime na yeye, tusirudi bure. Wakamchukua damu, wakampiga picha ya kichwa. Majibu bado. Wametuambia samaki, mboga, karanga, na atembee kila siku. Nikamwambia daktari hayo tunayajua, dada yangu ni mtaalamu. Tunatembea jioni mpaka kwa mwuza nyama na kurudi. Wa kushika mkono ni yeye, maana anaogopa nitapotea.

Usikasirike. Wewe ulikuwa unasubiri maisha yako yote kumkuta na chumvi iliyozidi. Nilijua siku ukimkuta utacheka. Mimi kuchekwa naweza. Yeye alilisha shule nzima, sikutaka aondoke mezani watu wakiwa wanacheka. Nilidhani nakujua.

Ulinipa swali mwishoni mwa barua. Nimelisahau. Unanijua mimi.

Jana tulikuwa tunachambua mboga, akaniuliza yule mgeni aliyekuja mwezi uliopita ni nani, yule mama mwenye goti, aliyekula vizuri akaomba tena. Nikamwambia, si ni wifi yako yule? Akacheka sana, akanipiga begani kwa zile mboga. Akasema, "Kweli umechoka, mume wangu. Wifi yangu mimi namjua, tangu niolewe hajawahi kumaliza sahani yangu. Yule alikuwa mtu mwema. Akija tena niambie mapema, nimpikie."

Njoo, dada. Nitamwambia mapema.

Kaka yako.